Nyanya ukanda wa Pwani: kabla hujakodi ekari, hesabu joto la usiku

Bonde la Ruvu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila ikikaribia Desemba simu huanza kuita. Ni watu wa mjini wanaotafuta ekari ya kukodi huku bondeni Ruvu ili walime nyanya za kuwahi bei ya masika. Wanakuja na hesabu iliyokwisha kupigwa: nafasi ya sentimita 75 kwa 50, ekari moja inabeba miche 10,700 na ushee, kila mche kilo tano, zidisha kwa bei ya Aprili pale Ilala, kachukue gari. Hesabu ya miche iko sahihi kabisa. Hizo kilo tano ndizo zinazouzisha watu viwanja.

Kwa shamba la wazi na mbegu ya kawaida, mimi bajeti yangu naiwekea kilo moja ya kuuzika kwa mche. Ikizidi, alhamdulillahi. Na hiyo kilo moja ni kwa msimu unaofaa. Nyanya ikitoa maua Januari na Februari huku kwetu, unaweza ukawa na shamba la kijani, limenona, linapendeza kupiga picha, halafu ukahangaika kujaza matenga.

Sababu si mchawi, na mara nyingi si mbegu feki pia, ingawa feki zipo. Ni usiku.

Nyanya inavumilia joto la mchana kuliko watu wanavyodhani. Nyuzi 30 au 31 haina tatizo ilimradi maji yapo. Inachodai ni usiku upoe. Kati ya nyuzi 15 na 20 ndipo inafunga matunda kwa raha. Usiku ukikaa juu ya 21 mfululizo, maua yanaanza kugoma, na mchana nao ukigonga 34 au 35, ndiyo basi tena. Sasa tazameni Dar es Salaam na Pwani yote: kaskazi inapovuma, Januari na Februari, usiku unakaa kwenye 24 au 25. Kusi ikishakamata, Julai, unashuka hadi 18 au 19. Udongo ni uleule, mbegu ileile, mkulima yuleyule, ila mmoja anachuma na mwingine anapalilia majani.

Kinachoharibika ni chavua. Na inaharibika mapema, wiki moja hadi mbili kabla ua halijafunguka, wakati kitumba bado kidogo na cha kijani. Kwa hiyo maua yanayopukutika leo yaliumia kwenye joto la wiki iliyopita au ile ya nyuma yake, na mtu anailaumu dawa aliyopiga jana. Nenda shambani asubuhi, uokote ua lililodondoka. Kwenye kikonyo chake kuna fundo dogo kama goti. Ua lililoshindwa na joto limekatikia hapohapo kwenye fundo, mkato safi, hakuna kidonda. Kisha litazame katikati: ukiona kijiti cha kijani kimechomoza nje ya ile koni ya njano, ujue joto limekirefusha mpaka chavua haikifikii. Ua lililoliwa na funza lina tundu, huwezi kuchanganya.

Dukani watakuuzia busta ya maua. Busta haipozi usiku.

Jambo la pili ambalo wageni hawalitegemei: hata tunda lililofunga, likiivia kwenye joto la kupita 30, wekundu hautoki vizuri. Linabaki la njano-chungwa, na mchuuzi wa genge anakwambia "hizi mbichi". Dawa yake ni kuchuma likianza tu kugeuka rangi, ukaliivishe kivulini penye upepo. Msivue majani ovyo pia. Kwenye nyanda za baridi watu wanapogoa sana, huku jua likilipiga tunda waziwazi linababuka baka jeupe na hilo halina mnunuzi.

Karibuni. Wenye uzoefu wa sehemu nyingine pingeni.

Kijana wa Ilula

Mkuu umeandika vizuri lakini umewatisha watu bure. Waambie tu waje Kilolo, mkoani Iringa, huku usiku unavuta blanketi 😂

Utani pembeni. Sisi shida yetu ni ukungu. Bakajani chelewa ikiingia wakati wa mvua na mawingu, unalala shamba zima unaamka limepigwa kama limemwagiwa maji ya moto. Kwa hiyo hizo bei za masika mnazozisikia ni kwa sababu huku wengi wanakuwa wamepoteza. Halafu kutoka hapa mpaka Dar ni karibu kilomita 450. Ndiyo maana tumeng'ang'ania mbegu za Tanya na Tengeru 97, zile zilizotolewa mwaka 1997 kule kituo cha utafiti cha Tengeru, Arusha. Ganda lake gumu, zinafika. Ukipakia nyanya laini kwenye tenga kwa umbali huo, tenga la chini linafika sosi.

Ninyi wa Ruvu mko saa mbili na nusu kutoka sokoni na bado mnalalamika?

Bonde la Ruvu

Silalamiki kaka, nataka watu wautumie huo ukaribu wakati mmea uko tayari kuzaa. Wanachofanya wengi ni kufukuza bei ya Machi na Aprili, na ili uchume Machi ni lazima maua yafunge Januari na Februari. Hiyo ndiyo miezi mibaya kuliko yote huku. Bei iko juu kwa sababu bidhaa haipo, na haipo kwa sababu hata wewe huna uwezo wa kuitoa.

Mama Kigamboni

Samahanini naingilia. Mimi nina nusu ekari, kisima nimechimba mwenyewe, nimefunga matone. Matunda yananenepa vizuri halafu kwenye kitako yanaingia weusi, yanaoza makavu. Nimeambiwa ni ugonjwa, nimepiga dawa ya ukungu mpaka nimechoka. Maji ya kisima ukionja yana chumvi kwa mbali. Inahusiana?

Bonde la Ruvu

Dada, inahusiana sana. Huo si ukungu, usipoteze hela tena. Kitako cheusi ni kalsiamu kutofika kwenye ncha ya tunda. Kalsiamu inasafiri na maji, kwa hiyo ukimwagilia leo nyingi, kesho hakuna, keshokutwa nyingi tena, tunda linakatiwa mgao. Na maji ya chumvi yanafanya mzizi ushindwe kunyonya hata kama udongo umelowa.

Peleka chupa ya maji wakapime uchumvi, ni kipimo cha bei ndogo na wenye maabara za udongo wanacho. Nyanya inakubali maji ya hadi kama 1.7 (desisimensi kwa mita) bila kupunguza mavuno. Ikifika 2.3 umepoteza kama asilimia 10, ikifika 3.4 robo ya mavuno imeondoka, na kwenye 5 nusu. Ukishajua namba yako ndipo uamue. Ikiwa chini ya 2, mwagilia kidogo kidogo kila siku, weka matandazo ya majani makavu au pumba ili udongo usikauke katikati ya siku, na mbolea ya kukuzia tumia CAN badala ya urea, maana CAN ina kalsiamu ndani. Ikiwa juu ya 3, kwa kweli lima kitu kingine au tafuta tangi la maji ya mvua.

Haya yaliyokwisha kuwa meusi yachume utupe, hayaponi na yanakula nguvu ya mengine.

Mama Kigamboni

Nashukuru sana kaka yangu. Bwana wa duka alinipa chupa tatu tofauti 😔

Mtu wa Kimana

Hamjambo wakulima, nawasoma kutoka Kajiado, upande huu wa Kenya chini ya Kilimanjaro. Nakubaliana na huyu wa Ruvu kuhusu usiku. Huku kwetu Kimana na Loitokitok mchana jua ni kali, wageni hudhani ni jangwa, lakini jua likitua baridi inashuka kutoka mlimani. Nyanya inashika vizuri. Maji ya chemchemi tunamwagilia, na mabroka wa Nairobi na Mombasa wanatupata soko la Kimana.

Kinachotuua sisi ni bei, wakati wenu na wetu ukigongana. Nyanya za Kilimanjaro yenu zikivukia Taveta kwa wingi, kreti yetu inauzwa bei ya kutupa. Mkulima wa huku akisikia Moshi wamevuna vizuri, anakosa usingizi.

Swali: kwenu Tuta, yule mdudu anayetoboa majani na matunda ya nyanya, mnamweza aje? Hapa dawa zimekuwa kama maji.

Kijana wa Ilula

Kantangaze! 😅 Huku anaitwa hivyo, yaani nenda ukanitangaze. Ametangazwa kweli.

Bwana Shamba Mstaafu

Nimekuwa msomaji tu, ila hapa niseme kidogo.

Huyu mdudu asili yake Amerika ya Kusini. Alionekana Hispania mwaka 2006, akashuka Afrika, na 2014 alikuwa ameshaingia Kenya na Tanzania. Jike mmoja anaweza kutaga mayai mpaka 260. Sasa tazama joto linavyomsaidia: kwenye nyuzi 14 anachukua siku kama 76 kutoka yai mpaka kipepeo. Kwenye nyuzi 20, siku 40. Kwenye 27, siku 24 tu. Mkulima wa Ruvu anapambana na vizazi vingi kwa msimu mmoja kuliko wa Ilula, na kila kizazi kinachopona dawa kinazaa watoto wanaoizoea.

Ndugu wa Kimana, uliposema dawa zimekuwa kama maji, nakuuliza: unabadilisha dawa au unabadilisha chupa? Watu wanapiga abamektini wiki hii, wiki ijayo emamektini, wanasema wamebadilisha. Hizo ni kundi moja, yaani zinamuua mdudu kwa njia ileile, kundi la 6. Klorantraniliproli na flubendiamidi nazo ni kundi moja, la 28. Mdudu aliyezoea moja ameshazoea na ya pili. Angalia lebo: nyingi zina namba ya kundi, na isipokuwepo soma lile jina la maandishi madogo chini ya jina la biashara. Kizazi kimoja piga kundi moja, kizazi kinachofuata hamia kundi jingine kabisa, mfano spinosadi ambayo ni la 5 au indoksakabu ya 22. Kuchanganya nne kwenye solo moja (bomba la kupigia dawa) ni kuzizoesha zote nne kwa mpigo.

Mitego ya harufu inavuta madume peke yake. Ni ya kukupa habari, usitegemee imalize tatizo. Ukiona wameanza kuongezeka kwenye mtego, ndipo uingie shambani ukague majani. Geuza jani kwenye mwanga, utaona njia pana nyeupe ya ndani ya jani, na ndani yake kijidudu cha kijani chenye uchafu mweusi nyuma yake. Akishaingia kwenye tunda kupitia kikofia pale juu, hakuna dawa itakayomfikia. Piga jioni, maana kipepeo wake anaamka giza likiingia.

Na masalia ya nyanya, jamani. Mtu akimaliza kuvuna analiacha shamba lisimame miezi miwili "mbuzi watakula". Hapo umewajengea nyumba. Ng'oa, choma au fukia chini sana.

Mlaji wa Mabibo

Mimi silimi, nanunua tu kwa sado. Ule unga mweupe au wa bluu kwenye nyanya za sokoni ni nini? Mke wangu anaosha na sabuni.

Bwana Shamba Mstaafu

Mara nyingi ni mankozebu, dawa ya ukungu. Haiingii ndani ya tunda, inakaa juu ya ganda, kwa hiyo maji mengi na kusugua kwa mkono vinaondoa sehemu kubwa. Tatizo ni mkulima kupiga leo na kuchuma kesho. Kila dawa ina siku zake za kusubiri, zimeandikwa kwenye lebo, na kuna wanaopiga makusudi siku ya kuchuma wakiamini tunda litakaa zaidi njiani. Huo ni uhalifu tu, sina neno lingine. Dawa zilizosajiliwa zinasimamiwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Duka likikuuzia kitu kimefunguliwa na kupimwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, ondoka.

Nyanya Mwanzo

Wakuu, yangu inanyauka saa sita ikiwa ya kijani kabisa, jioni inainuka, baada ya siku chache hainuki tena. Nimeongeza maji, ndiyo kwanza inaenea kwa mstari kufuata mfereji. Niko Bagamoyo.

Bonde la Ruvu

Kuenea kufuata mfereji kumenipa jibu nusu. Malizia mwenyewe: chagua mmea ulioanza kunyauka leo, usichukue uliokufa. Kata shina karibu na ardhi, kipande cha urefu wa kidole. Chukua glasi ya kioo yenye maji safi yaliyotulia, kining'inize kipande ncha yake ya chini iguse tu maji, usitikise. Kaa hapo dakika tano. Ukiona nyuzi nyeupe za maziwa zinateremka taratibu kutoka kwenye mkato, ni mnyauko bakteria. Maji yakibaki safi, tafuta fuzari (mnyauko wa ukungu) au minyoo fundo. Ng'oa uangalie mizizi ina vifundo.

Ikiwa ni bakteria, pole sana. Hakuna cha kupiga. Anakaa ardhini, anapenda udongo wa joto, na maji ya mfereji ndiyo basi lake la daladala. Usimwagilie tena kwa kupitisha maji ya mstari huo kwenda mistari mizima. Ng'oa walioumwa na udongo wake. Jembe ulilotumia hapo lisiingie upande mwingine bila kuoshwa. Na shamba hilo usirudishe nyanya, bilinganya, nyanya chungu, hoho wala viazi mviringo kwa miaka mitatu minne. Weka mahindi, au kama maji yapo weka mpunga. Shamba lililokaa chini ya maji ya mpunga hupunguza sana huyu bakteria, ndiyo maana wenye akili huku bondeni wanafuatisha nyanya nyuma ya mpunga.

Bwana Shamba Mstaafu

Kuongezea: kuna njia ya kuunganisha sehemu ya juu ya mche wa nyanya juu ya shina la bilinganya linalohimili mnyauko. Kituo cha utafiti wa mboga cha Taiwan ndicho kilichoieneza Asia, na wana ofisi yao Arusha. Mche unakuwa ghali, kwa ekari nzima sijui kama utarudisha hela yako, lakini kwa banda dogo lenye udongo ulioambukizwa inalipa.

Nyanya Mwanzo

Maziwa yameshuka. Dakika mbili tu.

Bonde la Ruvu

Dah. Basi okoa upande wa juu wa mfereji, ambao maji yanafika kwanza. Huko bado una shamba.

Mkulima wa Simu

Mimi ni yule mnayemsema, niko Masaki na simu yangu 😂 Haya, nimesikia, Januari hapana. Sasa nisie mbegu lini? Nipeni tarehe, nimtumie kijana wangu.

Bonde la Ruvu

Kwanza kijana wako awe analala shambani, maana nyanya haisubiri uje wikiendi.

Hesabu irudi nyuma kutoka kwenye ua. Unataka maua yaanze Juni, usiku ukiwa umeshapoa. Mche ukihamishiwa shambani unaanza kutoa maua baada ya wiki tatu hadi nne. Kwenye kitalu unakaa wiki tatu hadi nne pia. Kwa hiyo sia kati ya katikati na mwisho wa Aprili, hamisha nusu ya pili ya Mei masika yakiwa yanaishia. Tatizo la Aprili ni mvua, kwa hiyo kitalu kiwe kwenye trei, juu ya kichanja, na paa la nailoni. Pembeni zungushia neti ya matundu madogo sana, hiyo ni kwa ajili ya nzi weupe. Wakikunyonya mche wa wiki mbili wanakuachia rasta, majani yanajikunja juu na kuwa ya njano, na mche wa rasta hauzai hata ukiupandia hotelini.

Utachuma kuanzia mwisho wa Julai. Sasa hapa nisikufiche: Agosti na Septemba soko limejaa, maana Ilula, Kilimanjaro na kwingine kwenye umwagiliaji wote wanachuma. Bei ni ya chini. Faida yako ni moja, nyanya uliyochuma alfajiri inaingia Ilala au Mabibo asubuhi hiyohiyo, mbivu, bila kupondeka, na hulipi lori la usiku kucha. Mwenzako wa mbali lazima achume ikiwa bado ngumu.

Ndiyo maana siweki ekari nzima mara moja. Ninaigawa. Robo tatu naihamishia Mei kama nilivyosema. Robo naihamishia Julai, maua yake yanafunga Agosti usiku ukiwa bado mzuri, na ninachuma mwisho wa Septemba mpaka Novemba, wakati mashamba mengi ya kiangazi yameanza kuchoka. Mwaka mwingine hiyo robo inazishinda zile robo tatu, mwaka mwingine inaliwa na utitiri kwa ukame wa Oktoba. Baada ya hapo nafunga.

Kijana wa Ilula

Septemba tutakutana sokoni basi mkuu. Ila dalali akikwambia tenga lako halijajaa mpaka liweke mlima juu, usikubali. Lumbesa imepigwa marufuku, na huo mlima ndiyo faida yako yote.

Bonde la Ruvu

Mimi nimeshahamia kreti za plastiki, kaka. Haziwekeki mlima, zinapangwa moja juu ya nyingine, na nyanya ya chini haibebi ya juu. Dalali alinuna wiki ya kwanza.

Mkulima wa Simu

Zinapatikana wapi hizo kreti, na mnarudishiwaje kutoka sokoni?

Bonde la Ruvu

Maduka ya vyombo vya plastiki Kariakoo wanazo. Kuhusu kurudi, andika jina kwa rangi pembeni, na mnunuzi aache dhamana ya kila kreti kwa dereva kabla hajashusha. Asipoacha dhamana, mwambie amimine kwenye tenga lake papo hapo.